Ungo Usiovuka Mpaka

Ukitaja roketi hapa Malaba, swali la kwanza utakaloulizwa ni moja tu: itafika wapi? Hakuna anayeuliza imetengenezwaje, wala itashukaje. Itafika Tororo? Itavuka mto? Nimelisikia kwa vijana wa sekondari, kwa madereva wa malori waliochoshwa na foleni, na hata kwa afande mmoja aliyekuja kuangalia tunapuliza hewa kwenye nini pale uwanjani. Leo nataka kusema waziwazi kwamba swali hilo linatupotosha, na kwamba kwa mji ulio mpakani roketi bora ni ile isiyofika popote.

Kwa wale ambao hawanijui, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, nyingi zikiwa za mawakala wa forodha wa hapa na wa Busia. Ni kazi ya fomu, kodi na nambari za makontena. Wikendi natengeneza roketi za mfano, na katika aina zote nimezama kwenye zile zenye umbo la kisahani. Majirani wanaziita ungo. Mama mmoja auzaye mihogo kando ya uwanja aliniuliza kama nasafiri nazo usiku. Nilimwambia zinaishia mita nane, akasema basi huo ni uchawi wa bei rahisi.

Mita nane. Ndiyo, nimesema mita nane. Kimo cha nguzo ya umeme, pengine pungufu kidogo. Msinicheke kwanza.

Roketi ya kawaida ya mfano ni kama kalamu: nyembamba, ncha mbele, mapezi nyuma. Umbo hilo linapasua hewa bila kuhangaika, ndiyo maana inakwenda juu sana. Kisahani kinafanya kinyume. Ni koni pana iliyolala, na kila kinapoongeza kasi hewa inakisukuma nyuma kwa nguvu zaidi. Ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne. Kwa hiyo kinaruka kwa kishindo, kinafika mahali pake, kinasimama kama kimegonga dari, halafu kinashuka chenyewe bila parachuti. Mchezo mzima unauona kwa macho mawili, kuanzia chini hadi juu hadi chini tena. Ya kalamu ukipepesa jicho imeshapotea, na saa nzima inayofuata unaitafuta kwenye miwa.

Umbo hili si la filamu tu. NASA walijenga chombo chenye umbo la kisahani, wakakipandisha kwa puto kubwa juu ya bahari karibu na kisiwa cha Kauai, Hawaii, wakakiwasha roketi. Majaribio yalikuwa mawili, Juni 2014 na Juni 2015. Mara zote mbili parachuti lake lilichanika, lakini kisahani chenyewe kilifanya kazi yake. Walitaka kitu cha kufunga breki katika hewa nyembamba ya Mars, na hakuna breki nzuri kama upana. Kumbe kisahani ni breki inayoruka. Ukikielewa hivyo, mengine yote yanakaa sawa.

Sasa nieleze kwa nini nalipeleka jambo hili mbali zaidi ya mchezo.

Mwaka jana vijana watatu walinijia na daftari. Walikuwa wamechora roketi. Mchoro ulikuwa safi kabisa, vipimo viko sawa, hata uzito wameukadiria. Walitaka niwasaidie kuiingiza kwenye OpenRocket, ile programu huria ya kukokotoa urukaji ambayo Sampo Niskanen wa Finland aliianzisha kama tasnifu yake ya uzamili mwaka 2009. Nikauliza mwili wa roketi ni wa nini. "Paipu ya chuma, Anko." Na mafuta yake? Wakatazamana. Mbolea na sukari. Wameona kwenye video.

Sitaandika hapa vipimo wala aina ya mbolea, na ukiuliza sitakujibu. Lakini nadhani kila mtu mzima anayesoma hapa ajue kwamba video hizo zipo, zinatazamwa na watoto wetu, na kwamba sukari na mbolea havijawahi kuwa adimu Busia (sukari hasa, tunajuana). Paipu ya chuma iliyojazwa kitu hicho na kuzibwa upande mmoja ni bomu linalosubiri ufa mdogo. Mtoto hahitaji nia mbaya. Anahitaji tu kishindo kimoja akiwa ameinama juu yake.

Wamarekani walishapita hapa. Sputnik iliporushwa Oktoba 1957, vijana wao wengi waliingia gereji na kutengeneza roketi za mabomba, na wako waliopoteza vidole, macho na maisha. Jibu lilikuwa limeanza miaka michache kabla, kutoka kwa mtu ambaye hukumtarajia: Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska. Mwaka 1954 alitengeneza roketi ya karatasi yenye injini ndogo ya kubadilisha, iliyotengenezwa na fundi, si na mtoto. G. Harry Stine, aliyefanya kazi kwenye uwanja wa makombora wa White Sands, aliandika juu ya hatari ya roketi za kienyeji, wakaungana, na mwaka huohuo wa 1957 kikaanzishwa chama cha taifa cha roketi za mfano. Kanuni yao ya msingi ni ileile hadi leo: mwili uwe wa karatasi, mbao nyepesi au plastiki, usiwe wa chuma, uwashe kwa umeme ukiwa mbali, na hata kwa injini ndogo usimame angalau mita tano, injini usichanganye mwenyewe. Mwaka 1958 Vern Estes akaanza kuziunda injini hizo kwa mashine kule Colorado, na mchezo ukaenea.

Ona walichofanya. Hawakuwaambia watoto waache roketi. Waliwapa roketi nyingine.

Sisi hatuwezi kuinakili njia yao moja kwa moja. Injini zile zina baruti, na Kenya baruti iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Bila kibali huingizi, huundi, huweki nyumbani. Jaribu kumweleza afisa wa mpakani kwamba mirija ishirini ya baruti kwenye mkoba wako ni ya kuchezea. Mimi nashinda na watu wa forodha, na sitajaribu.

Tulicho nacho ni baiskeli. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapahapa, Busia na Malaba, miaka ya 1960, pale wenye baiskeli walipoanza kubeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Pikipiki zimechukua kazi siku hizi, lakini pampu bado zipo kila kona, na fundi wa baiskeli anajua presha kuliko mhandisi wa vitabuni. Chupa ya soda, maji, pampu ya baiskeli. Hiyo ndiyo injini yetu. Hakuna moto, na hakuna sheria ya maji.

Niwape hesabu, maana najua wengine mnasubiri hesabu. Ukipuliza chupa hadi PSI 60, yaani takribani bar 4, maji yanatoka mdomoni kwa kasi ya mita 28 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kasi ambayo matatu haziruhusiwi. Ukiyaachia yatoke kupitia mdomo wote wa chupa, wenye upana wa milimita 22 hivi, unapata msukumo wa karibu kilo 30 kwa muda mfupi sana. Kwa roketi ya kalamu ni raha tupu. Kwa kisahani ni balaa: sahani inabaki chini na chupa inakwenda zake. Kwa hiyo nafunga kwenye mdomo kile kiunganishi cha mpira wa kumwagilia maji bustanini, cha kubofya, kinachouzwa hadweya. Tundu lake ni milimita 9 hivi. Msukumo unashuka hadi kilo tano, lakini unadumu takribani moja ya tano ya sekunde, na kisahani kinanyanyuka mzima. Uzuri mwingine ni kwamba kiunganishi hichohicho ndicho kifyatuo: ukivuta kola yake kwa kamba ndefu, kinaachia.

Sahani yenyewe naikata kwenye ile foamu nyeupe inayokuja na televisheni ndani ya katoni. Wenye maduka ya elektroniki wanaitupa. Kipenyo sentimita 40, juu yake koni ya karatasi ngumu, chupa ya lita moja imesimama katikati mdomo ukiangalia chini. Jumla gramu 180 bila maji. Kwenye kilele cha koni naweka donge la udongo wa mfinyanzi.

Hilo donge ndilo roho ya kazi. Kitu chochote kinachoruka kina sehemu mbili za kuangalia: pale uzito wake unapokaa, na pale nguvu ya hewa inapokaa. Uzito lazima uwe mbele, hewa nyuma, la sivyo kinageuka kichwa chini. Roketi ya kalamu inavuta hewa nyuma kwa mapezi. Kisahani hakina mapezi, kina kitako kipana, na nyuma ya kitako hicho hewa inakuwa nyembamba na kukivuta kama mkia wa tiara. Maji nayo yanaleta utata: mwanzoni yapo chini, kwa hiyo uzito uko nyuma, na yanapotoka uzito unapanda mbele. Maana yake kipande cha hatari ni mita moja ya kwanza. Nimeweka fito tatu za kukiongoza hapo, na baada ya hapo kinajitegemea.

Hapa ndipo programu zinapochekesha. Hesabu ambazo wapenda roketi wengi wanazitumia zilitungwa na James Barrowman wa NASA mwaka 1966, na ni nzuri sana kwa roketi za kalamu. Lakini hazihesabu mvuto wa kitako. Ukiingiza kisahani, kompyuta inakuambia kitapinduka, wakati uwanjani kinakwenda wima kama mlingoti. Wenzetu wana ujanja wao: unaongeza nyuma ya kisahani koni ya kubuni isiyo na uzito, kitako chake sawa na kipenyo cha kisahani, urefu wake kipenyo mara 3.14. Basi programu inaanza kusema ukweli kwa kudanganywa. Mimi niliandika yangu kwa Python, mistari haifiki mia, ikanipa mita nane kwa kisahani cha sentimita 40. Tulipima kwa uzi na pembe. Mita nane, nusu mita huku na huku.

Sasa linganisha kushuka, maana hapo ndipo ubishi wangu ulipo. Chupa yenye mapezi inaweza kupita mita 50, na parachuti lisipofunguka inarudi kwa ncha kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde au zaidi. Kisahani cha gramu 180 kinashuka kwa mita tano au sita kwa sekunde, kasi ya baiskeli kwenye mteremko mdogo, tena kikiwa kimelala. Ukipiga hesabu ya nguvu ya kugonga, chupa ina zaidi ya mara 15 ya kisahani. Kwenye uwanja wenye mbuzi, watoto na mama wa mihogo, hiyo tofauti ndiyo kila kitu.

Halafu kuna mpaka. Malaba huna nafasi. Upande mmoja reli na yadi za malori, upande mwingine nyaya za umeme, mbele mto na Uganda ng'ambo. Mchana upepo wa ziwani ukianza, kitu kilichofika mita 50 kinaweza kubebwa mbali kabisa. Kikivuka, nani anakwenda kukichukua? Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wawili, na kimerahisisha mambo mengi, lakini sijaona dirisha la roketi zilizopotea. Na anayekiokota kule hajui kuwa ni chupa ya soda. Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya kilo 500 ilidondoka kutoka angani kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kuwa ni kipande cha roketi. Tangu hapo watu hawachukulii vitu vya kudondoka kama utani, na wana haki.

Kuna rafiki yangu mmoja wa Eldoret ambaye hoja hizi zote hazimgusi. Anasema tunawafundisha watoto kutamani udogo. Anasema Kenya ilirusha setilaiti ya Taifa-1 Aprili 2023, wanafunzi wa JKUAT wanaunda roketi za kweli katika mradi wao wa Nakuja, na sisi tunashangilia mita nane za maji ya kisima. Anaongeza Malindi: kutoka jukwaa la San Marco, Desemba 12, 1970, ndipo iliporushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miali ya eksirei angani. Nchi yenye historia hiyo, anasema, haina sababu ya kucheza na ungo.

Naiheshimu hoja yake, lakini angalia mifano yake mwenyewe. Jukwaa la San Marco liliwekwa baharini, na vilivyodondoka vilidondokea maji. Taifa-1 ilirushwa California kwa roketi ya watu wengine. Vijana wa Nakuja wana chuo, walimu, maabara na vibali. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefyatua kitu nyuma ya jiko la mama yake. Kijana wa Malaba anayeambiwa roketi ni kimo tu, na hana chuo wala bahari, amebakiziwa njia moja, na hiyo ni ile ya paipu. Ndiyo maana nakichukia kile kiburi cha mita. Kinaonekana kama tamaa ya maendeleo, lakini kinamsukuma mtoto asiye na kitu kwenye kitu kibaya kuliko vyote.

Na sikubali kwamba kisahani ni udogo. Wale vijana watatu wamejifunza kwangu mambo ambayo roketi ya mita 50 isingewafundisha, kwa sababu kila kosa linaonekana. Mmoja alipunguza donge la udongo kwa gramu kumi na kisahani kikapinduka mbele ya macho yake. Mwingine amegundua kuwa maji yakizidi theluthi moja ya chupa kimo kinashuka, akachora grafu yake bila kuagizwa. Wa tatu hataki kugusa foamu, anataka Python tu, na ameshaona kosa la alama katika programu ambayo alimwandikia binamu yake. Kwa siku moja wanafyatua mara thelathini. Nani anafyatua roketi ya paipu mara thelathini?

Upande wa pili nao niwaseme, wale wazee wanaotaka nizuie yote. Chifu wetu alianza hivyo. Nilimpelekea kisahani ofisini, nikampa akishike, akacheka kwamba ni chepesi kuliko kofia yake. Kila wikendi tunamwambia siku na saa, na yeye anawaambia wanaohusika, basi. Ukikataza kila kitu, daftari lile la paipu halichomwi, linafichwa tu. Chuo Kikuu cha Alupe kiko hapo barabarani kati ya Busia na Malaba, kilipata hati yake mwaka 2022, na kina uwanja. Shule zetu zina maabara za fizikia ambazo pampu ya baiskeli ingekuwa chombo kipya kabisa ndani yake. Gharama ya kisahani kimoja ni kiunganishi, gundi na vali ya tyubu. Kama kuna mwalimu anasoma, nitampa michoro yote na hiyo Python, bure.

Wanaotaka kuona, tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Chupa iwe ya soda, si ya maji, maana ya maji haihimili presha. Isiwe na mkwaruzo wala mkunjo. Kila chupa mpya tunaijaribu kwanza ikiwa imejaa maji mpaka juu, kwa sababu maji hayalipuki kama hewa. Hatuzidi PSI 60, na anayepuliza anavaa miwani. Pampu ninazo mbili, moja inavuja kidogo.